Maswali ya Wasomaji: Bia Kali, Sabufa na Filamu ya Jumamosi

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tabora, na zinahusu bia nzito za viwanda vidogo, zile zenye kilevi cha asilimia 8 kwenda juu. Tumechagua nne.

Shemeji aliniletea kutoka Dar chupa mbili za stauti nyeusi tii, mililita 750, asilimia 10. Ya kwanza niliiweka friza, tukainywa tukitazama filamu. Ilikuwa chungu kama shubiri na haikunukia kitu. Hii ya pili niifanyeje? (Msomaji, Isevya)

Friza ndiyo iliyoiharibu. Ulimi uliopozwa hausikii utamu vizuri, na bia ya baridi kali haitoi harufu. Kinachobaki ni uchungu wa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na wa kimea kilichochomwa, pamoja na makali ya gesi. Lager ya kawaida inavumilia nyuzi 4. Stauti yako inataka 10 hadi 14.

Isimamishe wima kwenye friji tangu jana yake, ili hamira ishuke chini. Itoe dakika 45 hadi saa nzima kabla ya kuifungua (chupa ya mililita 330 yatosha nusu saa). Usitegemee jasho la chupa. Kiangazi hewa ya Tabora ni kavu, litakudanganya. Ishike: iwe baridi kupita maji ya mtungini, lakini isiume vidole.

Tumia glasi ya mvinyo, yenye tumbo pana na mdomo uliobana. Ioshe, isuuze mara tatu, iache ikauke yenyewe, kwani kitambaa cha jikoni kina mafuta na mafuta huua povu. Ukiona viputo vimeng'ang'ania ukutani mwa glasi, haijatakata. Mimina kama mililita 100, izungushe kidogo, nusa, kisha piga funda dogo ulisambaze ulimini kabla ya kumeza, na utoe pumzi kwa puani. Harufu ya kahawa, chokoleti na zabibu kavu hutokea hapo, wakati wa pumzi. Funda la kwanza usilihukumu, maana mdomo bado haujazoea uchungu. Sentimita ya mwisho ya chupa iache na machicha yake.

Na tuhesabu: asilimia 10 ya mililita 750 ni mililita 75 za kilevi, sawasawa na chupa tatu za nusu lita za bia ya asilimia 5. Hiyo ni chupa ya watu watano au sita, ndugu yetu.

Mjomba anasema bia nyeusi inataka dansi la zamani. Vijana wanataka singeli, na sabufa hadi mwisho. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Ng'ambo)

Kabla ya aina ya muziki, tuangalie kitufe cha sauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kelele kubwa hupunguza utamu na chumvi tunavyovisikia mdomoni. Bia kali huegemea utamu wa kimea ili kusawazisha uchungu wake. Ukiuzima utamu huo kwa kelele, umeivunja. Na kuna hatari ya pili. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa walipandisha muziki wa baa kutoka desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 72 hadi 88, na wanywaji wa bia wakamaliza glasi haraka zaidi na kuagiza nyingi zaidi. Kwa bia ya asilimia 5 hayo ni hasara ya mfuko tu. Kwa ya asilimia 10 ni mtu kubebwa.

Kwa hiyo shusha sabufa mpaka watu wazungumze bila kupaza sauti, karibu desibeli 60 hadi 65. Kuna programu za simu za kupimia.

Baada ya hapo, mjomba ana hoja. Kundi la Charles Spence, mtafiti wa hisi wa Chuo Kikuu cha Oxford, lilionyesha mwaka 2012 kuwa sauti nyembamba huvuta ladha upande wa utamu, na sauti nzito za chini huivuta upande wa uchungu. Dansi la mji huu, la Kiko Kids, Nyanyembe Jazz au Tabora Jazz, lina gitaa la solo linalolia juu. Hilo linaisaidia stauti. Jaribuni wenyewe: glasi mbili za bia ileile, moja mkiwa mmekata besi, nyingine mkiwa mmeipandisha, na anayeonja asiambiwe ni bia moja. Tofauti ni ndogo, na bia mbovu haitageuka nzuri. Chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, likiingia, weka glasi mezani. Mkono hufuata mapigo bila mwenyewe kujua, ndiyo maana singeli, yenye mapigo 200 na zaidi kwa dakika, tunaipangia muda wa baada ya kuonja.

Filamu ya saa moja na nusu inataka chupa ngapi? (Msomaji, Cheyo)

Moja ya mililita 330 kwa kila mtu, mkamimina mara tatu, kila nusu saa. Ikiwa ya asilimia 9 ina gramu 23 hivi za kilevi, na mwili huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Filamu itaisha kilevi bado kipo. Pikipiki ilale. Rangi na povu vitazame kabla ya kuzima taa. Bisi za chumvi zinafaa, dagaa wa Kigoma wa kukaanga ni bora zaidi, kwa kuwa chumvi hufifisha uchungu. Pilipili hapana: kilevi huzidisha mwasho wake.

Naweza kutia asali yetu kwenye chupa ya bia kali nikaifunga tena? (Msomaji, Sikonge)

Usithubutu. Bia nyingi za viwanda vidogo zina hamira hai chupani. Kijiko kikubwa cha asali, gramu 20, kina kama gramu 16 za sukari. Hamira ikiila yote ndani ya mililita 750, gesi itaongezeka kwa zaidi ya mara tano ya ujazo wa bia, ilhali chupa ya kawaida haikutengenezwa kwa mgandamizo huo. Kioo kitapasuka. Hata kuitia kwenye glasi hakufai. Povu linafumka na asali inatuama chini. Ilambe pembeni, nusu kijiko cha chai, kisha ufuatishe funda.

Kama ulishaitia na kuifunga, usiitikise. Ivike taulo nene, iingize friji hamira ilale, na kesho yake uifungulie nje ikiwa bado ndani ya taulo, uso ukiwa mbali.