Linux kwa mtu wa kawaida, inafaa?
Mkuu umeuliza kama mtu asiye fundi anaweza kutoka Windows ahamie Linux (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta), mi nasema inategemea kompyuta unaifanyia nini. Kama ni brauza, muvi na kuchapa barua weka tu Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, wala hutashtuka, menyu iko chini kushoto kama kwenye Windows 10, na LibreOffice (programu ya kuchapia kama Word) inafungua mafaili ya Word ila majedwali yenye mbwembwe huwa yanahama kidogo. Ila kama Photoshop, ile programu ya kuhariri picha, ndo inakulisha achana na Linux, Adobe wenye Photoshop hawajaitoa kwa Linux. Halafu usifute kitu kwanza, weka Linux kwenye flashi uwashe mashine kupitia hiyo flashi ucheze nayo siku mbili tatu, cheki waifai na printa kama vinakubali, mi printa ilinisumbua wiki nzima aisee