Kahawa ya siagi mchana wa saumu: je, funga inabaki?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Tangu nijifungue wa mwisho uzito umepanda, na kliniki wameniambia sukari iko juu, wameniandikia vidonge. Nikaingia kundi la WhatsApp la kupunguza mwili. Mkufunzi wetu anasema tuache chakula cha asubuhi, badala yake tunywe kahawa iliyopigwa na vijiko viwili vya siagi na kimoja cha mafuta ya nazi, kisha tusile mpaka magharibi. Siagi tunainunua kwake. Anasema kahawa hiyo haivunji funga kwa sababu mafuta hayapandishi insulini, ile homoni inayodhibiti sukari mwilini. Ustadh mmoja humo kundini akatuma sauti akisema hata kwa funga za sunna za Jumatatu na Alhamisi inafaa. Mimi nina deni la Ramadhani, siku za nifasi, na nimeshalipa siku tisa kwa namna hiyo: kahawa nainywa saa mbili asubuhi nikishawapeleka watoto shule. Sasa moyo hautulii. Je, siku zangu zimehesabika? Naweza kuinywa kama daku? Na je, inafaa kufunga nikiwa nataka pia kupungua? Nikikaa bila kahawa kichwa kinapasuka ikifika saa nne. Mume wangu ananitolea maneno juu ya mwili wangu, ndiyo maana nimeshikilia jambo hili.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu.

Dada yangu, nianze na hilo linalokunyima usingizi. Siku hizo tisa hazikuhesabika, na deni lako liko pale pale. Aliyekunywa kahawa saa mbili asubuhi kwa kusudi hana saumu siku hiyo, iwe kahawa ya siagi, ya maziwa, au ile chungu tupu ya kwenye mdila. Dhambi nataraji huna, maana hukufanya kwa ujeuri. Uliambiwa inafaa na mtu aliyejiita ustadh, ukamwamini. Lakini kusamehewa dhambi hakufuti deni. Kafara huna, kinachotakiwa ni kuzifunga upya siku tisa.

Ningeweza kuishia hapo, lau si ile sauti. Imenifikia nami kwa njia nyingine, nimeisikiliza mpaka mwisho, na nasikitika kusema kwamba ni kinamama wengi wanaoifuata. Kwa hiyo nitaijibu kwa urefu.

Hoja anayoitegemea zaidi ustadh huyo ni insulini. Anasema lengo la funga ni mwili uache kutumia sukari na kuanza kuchoma mafuta, na kwa kuwa siagi haiipandishi insulini, basi mwili "bado umefunga". Mimi si daktari, na sina ugomvi na maelezo yake ya insulini. Ugomvi wangu ni huu: nani aliyemwambia kwamba Allah ameifunga saumu kwenye insulini? Aya ya 187 ya Suratul Baqara imetaja kula na kunywa mpaka ubainike weupe wa alfajiri, kisha ikaamrisha saumu itimizwe mpaka usiku. Na katika hadithi qudsi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Allah anamsifu mfungaji kwa kuwa anaacha chakula chake, kinywaji chake na matamanio yake kwa ajili Yake. Kinywaji chake. Kahawa ikiwa si kinywaji, basi sijui tunachoendea barazani kila jioni.

Kisha kipimo hicho kinamgeukia mwenyewe. Mgonjwa wa sukari anayejidunga sindano ya insulini mchana wa Ramadhani saumu yake inabaki. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwaka 1997 lilipitisha kwamba sindano za chini ya ngozi, za msuli na za mshipa hazifunguzi, isipokuwa zile za lishe. Na mtu mzima wa afya akinywa kwa kusudi funda moja la maji, ambalo haligusi insulini kabisa, amefungua kwa makubaliano ya Waislamu wote. Huyu wa kwanza insulini imeingia mwilini mwake na saumu ipo, huyu wa pili haijatikisika na saumu haipo. Kipimo cha ustadh kimekwenda wapi? Na tukikifuata, basi mtu akae saa saba mchana na bakuli la samli na mkia wa kondoo wa kuchoma, ale mpaka atosheke, kisha atuambie amefunga.

Anasema pia kwamba kahawa ile "si chakula, haishibishi". Hesabu ndogo tu: kijiko kimoja cha mezani cha siagi kina kalori zipatazo 100, na cha mafuta ya nazi zinafika 120. Kikombe chako kina zaidi ya 300. Mkufunzi mwenyewe anakupa uinywe badala ya kifungua kinywa, yaani kwake kinashika nafasi ya chakula. Kinaachaje kuwa chakula pale tu ustadh anapofungua mdomo? Lakini hata kingekuwa hakishibishi, jawabu lisingebadilika. Imepokewa kutoka kwa Anas kwamba mvua ya mawe ilinyesha, na Abu Talha, sahaba mtukufu, akawa anakula yale mawe ya barafu naye amefunga, akiona si chakula wala kinywaji. Imam Nawawi ameitaja rai hii katika Majmuu, kitabu chake cha fiqhi, na akaeleza kwamba maulamaa kwa wingi wao hawakuifuata: kinachomezwa kwa kusudi kinafunguza hata kama watu hawakizoei kukila, hata kijiwe. Ikiwa rai ya sahaba juu ya barafu ya mbinguni haikufuatwa, sembuse ya ustadh wa WhatsApp juu ya siagi?

Hoja yake nyingine ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu imevaa hadithi. Ameisoma ile iliyopokewa na Tirmidhi kutoka kwa Ummu Hani, kwamba mwenye kufunga sunna ni amiri wa nafsi yake, akasema basi amiri anajichagulia anywe nini. Maulamaa wana maneno katika isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, lakini tuichukue kama alivyoichukua. Kwa nini amekatia njiani? Inamalizia: akitaka atafunga, na akitaka atafungua. Ni mambo mawili amepewa huyo amiri. La tatu, la kunywa na bado akahesabiwa amefunga, hakupewa.

Na ipo hadithi iliyo wazi kuliko hiyo, katika Sahih Muslim, kutoka kwa mama yetu Aisha. Siku moja Mtume (s.a.w.) aliingia akauliza kama kuna kitu cha kula, wakasema hakuna, akasema, "Basi mimi nimefunga." Siku nyingine akaambiwa wameletewa hais, akasema, "Nionyeshe, kwani nimeamka nimefunga," akala. Hais ni nini? Ni tende zilizochanganywa na samli na jibini kavu. Samli imo! Mtume alipoila hakusema haya ni mafuta tu, saumu inaendelea. Mujahid, mwanachuoni wa kizazi kilichofuata masahaba, alipohadithiwa hadithi hii alisema mtu huyo ni kama aliyetenga sadaka katika mali yake: akitaka ataitoa, akitaka ataizuia. Hakuna anayeizuia sadaka kisha akadai ameitoa.

Hayo yote ni katika funga za sunna. Yako wewe ni ya kulipa Ramadhani, na hukumu yake ni nzito zaidi: lazima nia iwekwe usiku kabla ya alfajiri, na ukishaianza huruhusiwi kuivunja bila udhuru. Ule uamiri haukuhusu hapa. Ustadh hakuitenganisha hii na ile, na hapo ndipo wewe na wenzako mlipotumbukia.

Ama maneno yake kwamba kahawa ni kinywaji cha mawalii, ni kweli masufi wa Yemen waliinywa wapate kukesha kwa dhikri, na ni kweli ilipigwa marufuku Makka mwaka 1511 na wanavyuoni wakavutana sana. Lakini ule ulikuwa mvutano wa uhalali wake. Haukuwa wa kuinywa mchana wa saumu.

Siwakatazi kahawa ya siagi. Ni halali. Waoromo wa Ethiopia wanapika kahawa na siagi tangu mababu zao, na hii ya kupunguza mwili imeenezwa na Mmarekani Dave Asprey, aliyeonja chai ya siagi ya yak, ng'ombe wa milimani, huko Tibet. Inywe siku usiyofunga kama daktari wako haikatazi. Fatwa yake tu ndiyo msimuulize anayewauzia siagi.

Kuhusu daku: inafaa kabisa, maadamu umeimaliza kabla ya alfajiri kuingia. Mtume amesema tule daku kwani katika daku mna baraka, na ikapokewa kwamba mtu asiiache hata kwa funda la maji. Mimi ningekushauri uongeze tende na maji ya kutosha. Kichwa kinachopasuka saa nne ni mazoea ya kahawa, kila mnywaji aliyewahi kuingia Ramadhani ghafla anakijua. Anza sasa kupunguza kikombe kidogo kidogo, siku kadhaa kabla ya kufunga, na siku ya kufunga unywe hicho kidogo wakati wa daku. Maumivu ya namna hiyo ni ya kuvumilika na si udhuru wa kufungua.

Nia ya kupungua haiharibu saumu. Imam Suyuti katika Al-Ashbah wan-Nadhair ameitaja hasa mas-ala ya anayefunga kwa ibada na kwa kujizuia chakula kwa afya, pamoja na khilafu iliyomo, na kauli ya madhehebu yetu ya Shafi ni kuwa funga inasihi. Thawabu ndizo Imam Ghazali alizozipima kwa lile linalokusukuma zaidi. Kwa hiyo jiulize: siku mizani isipopungua hata kidogo, ungefunga? Ukijibu ndiyo, usijisumbue.

Vidonge vya sukari nimevisoma mara mbili katika swali lako, kwa sababu hukuuliza lolote juu yake. Kabla hujaanza tena kulipa, nenda kliniki uwaambie unataka kufunga kutwa, wakupangie saa za dawa. Mkufunzi wa kundini hana mamlaka ya kukubadilishia. Na siku ukiwa umefunga ukahisi kutetemeka, jasho la baridi, macho kuingia giza, fungua papo hapo. Siku hiyo utailipa nyingine. Daktari akikwambia funga itakudhuru, aya ya 184 ya sura hiyo hiyo imekuwekea nafasi. Usione haya kuitumia.

Sasa mumeo. Mwili uliobeba mimba tatu hauwezi kubaki wa siku ya harusi, na anayetaka ubaki hivyo anataka lisilokuwepo. Katika Abu Daud na Ahmad, mama yetu Aisha anasimulia kwamba alishindana mbio na Mtume safarini akamshinda. Baadaye, aliposhiba mwili, wakashindana tena, Mtume akamshinda, akamwambia, "Hii kwa ile." Aliuona mwili wa mkewe umebadilika, na alichofanya ni kumwita wakimbie tena wacheke. Hakumpimia maneno. Msomee hadithi hii kwa utulivu, wakati hamjagombana. Kama anataka upungue, mwambie mtembee pamoja baada ya isha, na yeye aache kuleta soda nyumbani. Maneno yakizidi na kuwa ya kukudhalilisha, mpelekee mzee mnayemheshimu nyote wawili, kwani Allah ameamrisha kukaa na wake kwa wema na amekataza watu kudharauliana. Usiyabebe peke yako ukayamalizia kwenye chakula.

Siku zako tisa si lazima uzifululize. Aisha mwenyewe alikuwa akichelewesha deni lake mpaka Shaabani. Funga Jumatatu na Alhamisi kwa nia ya kulipa, iliyowekwa usiku. Ramadhani nyingine ikiingia kabla hujamaliza, na ulikuwa na uwezo, utalipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku; ikiwa ni maradhi yaliyokuzuia, utalipa siku tu. Na wale wenzako wa kundini waliolipa kama wewe, wapelekee jawabu hili kabla Shaabani haijaisha.

Wallahu a'lam.