Soma bodi kabla hujaagiza prosesa

Juzi hapa Chikongola, Mtwara, nimemkuta dogo mmoja kafungua kasha la kompyuta ya mteja, kashika prosesa, ule ubongo wa mashine, anaipima kwa macho na soketi, kitako chake kwenye bodi. "Hii inaingia, bro." Mwili ukanisisimka. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hela mnayoichezea si yenu.

1. Kuingia si kuwaka. Mwaka 2018 mama mmoja mwenye steshenari aliniletea mashine yenye bodi ya H110, ya mfululizo wa 100 wa Intel, soketi 1151, yaani ya pini 1151. Alikuwa ameuza korosho, anataka mashine yenye kasi. Nikaona i5-8400, prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, nayo ni 1151, nikaagiza Kariakoo, ikaja na basi. Ilikaa kwenye soketi bila shida, nikafunga klipu, nikapaka pesti ya kupitisha joto, nikawasha. Feni ikazunguka, kioo cheusi. Nikabadili ramu. Nikabadili pawasaplai. Nikatoa betri ya bayosi, ile programu ya bodi inayoiamsha mashine, nikairudisha. Adhana ya alfajiri ilinikuta nimepiga magoti sakafuni, tochi ya simu mdomoni. Kumbe kwa kizazi cha nane Intel waliacha idadi ya pini ileile, ila baadhi ya pini za akiba wakazigeuza za umeme, kikadai bodi za mfululizo wa 300. Tangu Oktoba 2017 jambo hilo lilikuwa wazi, mimi sikusoma. Asubuhi mama akaja, mkononi ana mitihani ya kuchapa. Nikamweleza ukweli, na hela yake nikairudisha kidogo kidogo kwa miezi minne. Hakunigombeza. Alikaa tu, anakitazama kile kioo.

2. Usisasishe bayosi bila UPS, ile betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika. Umeme wetu mnaujua.

3. Kwa AMD, mshindani wa Intel, sasisha bayosi kabla hujang'oa prosesa ya zamani. Bodi nyingi za soketi AM4 za mwaka 2017 zimepokea hata prosesa za Ryzen 5000, za miaka ya baadaye, namna hiyo.

4. Acheni kumwambia kila mteja asubiri prosesa mpya: "subiri Zen 6" ya AMD, "subiri Nova Lake" ya Intel. Ushindani huo hata mimi naufuatilia, na una uzito kwa anayenunua bodi mpya: Intel walileta soketi 1700 mwaka 2021, 2024 wakahamia 1851, wakati AMD wameahidi kuibeba soketi yao ya AM5 mpaka 2027 na kuendelea. Lakini karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, aliyetoka Newala na i5 ya kizazi cha nne, kazi yake barua na hesabu za magunia, mfungie SSD, diski ya kasi, leo arudi na gari la jioni.

Yule dogo nilimshika mkono, tukamulika bodi, tukasoma pamoja. H110. Prosesa aliyoishika ilikuwa ya kizazi cha tisa, nayo inadai bodi za 300.