Lishe au udaktari? Meja isikuzungushe kama ilivyonizungusha mimi

Wadogo zangu mliopo vyuoni huku Marekani na bado mnasuasua kati ya lishe na udaktari, mimi swali hilo lilinila miaka miwili, na mama kila akipiga simu kutoka Tanga salamu yake ni "hujambo daktari wangu" wakati mwenyewe hata sijui naelekea wapi.

Kwanza meja, yaani fani kuu ya digrii, ya udaktari kwa kawaida haipo. Premed, yaani maandalizi ya kuomba chuo cha udaktari, ni orodha ya masomo tu, baiolojia, kemia, kemia oganiki na fizikia pamoja na maabara zake, halafu baiokemia maana MCAT, ule mtihani wa kuombea chuo cha udaktari, inaiulizia sana. Ukiyafaulu hayo hata kama digrii yako ni ya historia unaweza kuomba. Kwa hiyo lishe inafaa kabisa, ila fizikia kwa kawaida haimo na oganiki mara nyingi ni muhula mmoja, mimi nimekuja kushtuka mwaka wa tatu!! Mshauri wangu wa chuo kazi yake ilikuwa kunisainia fomu tu. Ikabidi fizikia niisome kiangazi, mchana darasani usiku zamu nyumba ya wazee, ada natoa mfukoni.

Halafu ile hesabu ya "nikikosa udaktari si nina lishe yangu" ndio imeponza wengi. Tangu Januari 1, 2024 hukai mtihani wa RD, yaani mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa, bila masta, na kuna saa zisizopungua 1,000 za vitendo chini ya usimamizi. Tena programu iwe na ithibati ya ACEND, chombo kinachokagua programu za lishe, maana kuna meja zinaitwa nutrition, jina zuri, ukimaliza unaambiwa urudie masomo. Sasa hiyo ni akiba gani? Na wenye viza ya mwanafunzi, F-1, vyuo vingi vya udaktari hapa havipokei wanafunzi wa kigeni, angalieni hilo kabla hamjalipia MCAT.

Kilichoniamulia ni kuomba kufuatana na watu kazini, siku mbili na daktari, siku mbili na RD, hospitali hiyohiyo. Kulikuwa na babu mmoja wa dialisisi, yaani anasafishwa damu kwa mashine, potasiamu imepanda. Daktari alikaa naye kama dakika nne, akaangalia vipimo, akabadilisha dawa, akaondoka, na simlaumu, wagonjwa walikuwa wanamsubiri. RD akavuta kiti akamuuliza jana umekula nini, babu akasema viazi, juzi viazi, basi wakaanza kuongea viazi: vimenye, vikate vidogo, vichemshe kwenye maji mengi, yale maji mwaga, potasiamu nyingi inaondoka nayo. Babu akacheka, kumbe alijua atakatazwa kabisa.

Mwenzangu tuliyekuwa naye alichoka na hayo maongezi ya viazi, akili yake ilikuwa kwenye ile dawa iliyobadilishwa, leo yupo chuo cha udaktari na anakipenda. Mimi nililala nawaza viazi.

Mama alininunia kama miezi mitatu hivi. Siku hizi anapiga kuuliza eti muhogo wa nazi unapandisha sukari?