Kumalizia advance (kidato cha tano na sita) Uganda: piga kwanza hesabu ya kurudi

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, mwezi Januari, simu yangu inaanza kuita. Mara ni mama mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, tunayesali naye, mara ni jirani yetu wa zamani wa Chang'ombe ambaye mwanawe kapata daraja la pili na hataki kungoja shule atakayopangiwa. Swali ni lile lile: "Dada, si wewe ulimalizia Uganda? Tumpeleke?" Nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka, leo naliandika.

Kupeleka si kazi. Wazazi wanajiandaa vizuri sana kwa safari ya kwenda: godoro, sanduku la bati, sweta, chanjo ya homa ya manjano, paspoti. Ila sijakutana na hata mmoja aliyekaa chini kupanga mtoto atarudije. Sisemi nauli ya basi. Nasema matokeo yake yatasomwaje huku, ataomba chuo lini, na ile miezi ya katikati ataifanyia nini. Hayo yote yanamkuta mtoto mwaka wa mwisho, Waganda wanauita S6, wakati ambao kichwa chake kimejaa mitihani na hana nafasi ya kuyafikiria.

Tuanze na kalenda, maana hapo ndipo wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Utaambiwa kule mtoto "anamaliza mapema". Ni kweli. Mimi nilifanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2016. Wenzangu waliobaki walianza kidato cha tano Julai 2017, wakafanya mtihani wa taifa Mei 2019. Mimi niliingia S5, kidato cha tano chao, Machi 2017, na Desemba 2018 nikawa nimeshamaliza UACE, mtihani wao wa mwisho unaosimamiwa na baraza lao, UNEB. Ukitazama haraka utasema nimewaacha mbali. Lakini nilitaka kusoma chuo hapa hapa Dodoma, na dirisha la maombi ya vyuo vyetu linaenda na kalenda yetu: matokeo ya kidato cha sita yanatoka Julai, ndipo watu wanaomba, ndipo wanaingia chuo karibu na mwisho wa mwaka. Kwa hiyo tuliingia mwaka wa kwanza pamoja, mwaka ule ule. Mwanao akiendelea na chuo huko Uganda, ambako masomo yanafunguliwa Agosti, hapo sawa, kapata kitu. Akirudi kusoma nyumbani, ule umapema anaukalia sebuleni kwenu.

Na kukaa sebuleni kuna kazi yake. Wenzangu walipoitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, baada ya mitihani, wengine wakapangiwa Makutupora hapa hapa kwetu, mimi nilikuwa nyumbani tangu Krismasi. Kilichoniokoa ni mama yangu, ambaye hapendi kuona mtu mzima amelala saa nne asubuhi. Nilijifunza udereva, nikafundisha tuisheni watoto wa mtaani, nikashika duka la baba mdogo pale Majengo siku za mnada. Panga mapema mtoto wako atafanya nini kuanzia Desemba, mpange naye akiwa bado muhula wa pili. Kijana wa miaka 18 aliyezoea kengele ya shule kuanzia alfajiri, ukimwachia miezi kumi bila ratiba, hata hiyo hamu ya chuo inapungua.

Sasa kuna hili la pointi, ambalo lilinichekesha na kuniudhi kwa wakati mmoja. Matokeo yao yanatoka kati ya Februari na Machi. Yangu yalipotoka nikampigia mjomba wangu aliyeko Kondoa, nikamwambia kwa furaha: "Mjomba, nimepata pointi 15!" Kimya. Kisha akasema kwa sauti ya msibani, "Pole sana mwanangu. Three siyo mwisho wa maisha, kuna diploma."

Mjomba alikuwa anahesabu kwa kipimo chetu. Kwetu pointi zinakwenda chini: A ni 1, na ukiwa na 15 kwenye masomo matatu uko daraja la tatu. Kule zinakwenda juu: A ni 6, B ni 5, C ni 4, halafu masomo madogo mawili, General Paper na lile la kompyuta au hisabati ndogo, yanakupa moja moja. Aliyepata yote kikamilifu ana 20. Mimi nilikuwa na B moja na C mbili, na masomo madogo yote nikafaulu. Alama hizo hizo zingekuwa kwenye mkeka wa NECTA, baraza letu la mitihani, ningehesabiwa pointi 8, yaani daraja la kwanza. Ilibidi nimweleze mjomba mara mbili, na nina uhakika mpaka leo haamini vizuri.

Mjomba anaelezeka. Mfumo wa maombi ya chuo hauelezeki, unataka karatasi. Aliyesoma sekondari nje lazima matokeo yake yafanyiwe ulinganifu na Baraza la Mitihani la Tanzania ndipo vyuo vimpokee, na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hawana mchezo kwenye hilo. Huo ulinganifu usiuchukulie kama kitu cha wiki ya mwisho. Matokeo yakitoka Machi, wewe una nafasi nzuri kuliko mtu yeyote: una miezi kabla dirisha halijafunguliwa. Itumie. Nimeona watu wanakaa na karatasi zao kabatini mpaka Julai, halafu wanaanza kukimbizana na foleni ya watu wote waliosoma Kenya, Uganda, India na kwingineko. Na cheti chako cha kidato cha nne cha hapa kitunze kama mboni, maana ndicho kinachoonyesha kwamba msingi wako ni wa NECTA.

Nije kwenye masomo yenyewe. Nilichukua historia, uchumi na jiografia, nikidhani jiografia ni jiografia popote. Karatasi ya tatu ya jiografia ilikuwa Uganda tupu. Wenzangu walikuwa wamezaliwa nayo: chumvi ya ziwa Katwe, shaba ya Kilembe, mpunga wa Doho, miwa ya Kakira, bwawa la umeme pale Jinja. Mimi nilikuwa najua zabibu za Hombolo na mkonge wa Tanga, ambavyo havikuulizwa hata siku moja. Kwenye uchumi pia, swali likisema "katika nchi yako", msahihishaji anategemea mifano ya Uganda. Mwanao akienda, mwambie aanze kuyasoma hayo S5, tena ramani ya Uganda aichore mpaka aweze kuichora akiwa amefumba macho. Mitaala inabadilika pande zote mbili, kwa hiyo mwombe mwalimu wa somo mpangilio wa karatasi za mwaka wake, usitegemee madaftari ya dada yake. Anayechukua fizikia, kemia na baiolojia ana nafuu hapo. Moyo wa binadamu una vyumba vinne hata Kampala.

Jambo ambalo ningependa wazazi walisome mara mbili ni la likizo na siku ya kutembelewa. Mwaka wao una mihula mitatu, na likizo za Mei na Agosti ni wiki tatu hivi. Kutoka Kampala mpaka Dodoma kwa barabara, upite Masaka, Mutukula, Bukoba, Kahama, Singida, ni siku mbili ukiwa na bahati, na mifupa inahitaji siku nyingine. Likizo ya Agosti ya S6 ni ya kusoma, maana ukirudi muhula wa tatu mitihani iko mlangoni. Mtoto asirudi nyumbani. Lakini asiporudi, analala wapi? Hili mlijibu kabla ya kulipa ada. Mtafutieni mlezi anayejulikana, mwenye nyumba yenye utulivu, na mumpe mlezi huyo hela ya chakula bila kusubiri aombe.

Siku ya kutembelewa nayo ni mtihani wa aina yake. Uwanja wa mpira unatandikwa mikeka kutoka goli hadi goli, kila familia na hotpoti zake. Wanafungua luwombo, kuku aliyepikwa ndani ya jani la mgomba, na ule mvuke ukipita pua yako ndipo unajua uko mbali na kwenu. Muhula wa kwanza wa S6 nilijifungia bwenini nikijifanya nafua. Rafiki yangu akaja kunitoa kwa nguvu. Nilipiga magoti kumsalimia mama yake kama nilivyowaona wenzangu wakifanya, yule mama akacheka, akanivuta mkono nikakaa, akanipakulia kabla ya mwanawe. Hakuniuliza lolote mpaka sahani ilipoisha. Kisha akaniuliza kwetu tunakula nini. Nikajaribu kumweleza ugali wa uwele na mlenda kwa Kiganda changu cha kuokoteza, na pale kwenye mlenda nikakwama, nikabaki kuonyesha kwa vidole unavyovutika.

Kwa hiyo, mzazi, kama una hela ya safari moja tu mwaka ule, nenda muhula wa kwanza. Usiende Oktoba. Mtoto anayekaribia mtihani ukimtokea ghafla na mazungumzo ya nyumbani, ng'ombe aliyekufa, ugomvi wa kiwanja, unamwondoa kwenye reli. Na simu za mikononi haziruhusiwi kwenye shule nyingi za bweni, kwa hiyo utapitia kwa matroni au mwalimu. Ongea mambo mafupi na ya heri.

Kwa wewe kijana unayekwenda: jifunze salamu za Kiganda mapema. Kiswahili chako watu wazima wengi watakisikia kama lugha ya askari, kwa sababu kwa miaka mingi ndiko walikokizoea, jeshini na polisi. Shuleni kwetu mtu niliyeongea naye Kiswahili kwa raha alikuwa mlinzi wa getini, na yeye alikuwa anakitumia zaidi kufukuza watu.

La mwisho ni la makaratasi ya kuondoka. Siku mtihani wa mwisho unapoisha, wenzako wanarushiana maji na kusainiana mashati. Rusha maji, saini mashati, lakini kesho yake asubuhi nenda kwa mhasibu uhakikishe hudaiwi hata shilingi, maana shule nyingi hazitoi karatasi ya matokeo kwa mwenye deni. Omba barua ya tabia na taarifa za maendeleo ya mihula yote, zikiwa na muhuri. Piga picha kila karatasi na uitume kwenye barua pepe yako. Cheti chenyewe kinakuja shuleni baadaye, wewe ukiwa umeshaondoka, na hawampi mtu yeyote tu. Acha barua iliyosainiwa inayomtaja atakayekuchukulia. Changu alikichukua mlezi wangu, akampa mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa anarudi Mwanza, naye akakipandisha basi la Dodoma ndani ya bahasha iliyoandikwa namba yangu ya simu mbele na nyuma. Kilifika, lakini baba hakulala siku hizo, na mimi ningekuwa na nauli ningekifuata mwenyewe.