Kabla hujagusa kinanda

Jumapili asubuhi nimeamka nikakuta ujumbe kwenye simu: "Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Uvinza, napiga kinanda kwenye kwaya ya kanisani kwetu. Nimesikia filamu iliyooneshwa jana hapo Mwanga, Kigoma, muziki wake umetunga wewe. Na mimi nataka kazi hiyo. Nihamie Dar?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeanza kukujibu mara tatu na kila mara jibu linarefuka. Nimeamua kuliweka hapa, kwa sababu najua mko wengi mnaopiga kinanda kanisani, dufu madrasa au gitaa uani, na usiku mkitazama filamu masikio yenu yanafuata muziki kuliko maneno. Nilikuwa hivyohivyo.

Swali la Dar nitalijibu, lakini silo la kwanza. La kwanza ni hili: unafanya nini kabla hujagusa kinanda? Mimi nilikosea hapo, na kosa hilo limeniuma miaka sita.

Alinipigia prodyuza mmoja wa Dar, namba yangu amepewa na rafiki. Filamu ya saa moja na nusu, mapenzi na ugomvi wa mirathi. Tukakubaliana milioni moja na nusu, akanitumia laki tatu za kuanzia. Hatukuandikiana chochote. Nilikuwa na njaa ya jina kuliko njaa ya hela, na mwenye njaa ya jina haulizi karatasi. Mchana nilikuwa dukani kwa shangazi Ujiji nauza mawese, usiku natunga. Umeme ukikatika nakaa gizani naimba wazo kwenye simu lisije likapotea. Wiki saba.

Kulikuwa na sini ya mazishi ya dakika nne. Niliipima kama fundi cherehani. Sauti ya juu kabisa ilitua pale mama wa marehemu anapoachia mkono wake kwenye jeneza. Nilirudia mahali hapo mpaka nikaanza kuliota lile jeneza. Nikatuma. Kumbe mhariri alikuwa bado anakata. Aliondoa sekunde 11 kwenye sini hiyo na hakuna aliyeniambia. Video zetu nyingi huenda kwa fremu 25, yaani picha 25, kila sekunde, kwa hiyo zilipotea fremu 275, na muziki wangu ukabaki na urefu uleule. Kilio changu kikaangukia kwa mwanamume aliyesimama nje ya geti anapokea simu.

Hilo ningelisamehe. Filamu ilipofika kwetu nilimchukua mama pamoja na majirani wawili, tukaenda kwenye kibanda umiza. Mama alivaa kanga mpya. Nilikuwa nimeshamwambia asubiri mwisho, jina litapanda. Tukasubiri. Vijana wakaanza kutoka, viti vikawa vinaburutwa, sisi tumekaa tunatazama majina yakipanda. Penye neno "muziki" palikuwa na jina la mtu nisiyemjua. Mama akanigeukia, akasema, "Labda limepita haraka, mwanangu." Nikamwambia ndiyo, limepita haraka. Pesa iliyobaki haikuja, simu ikawa haipokelewi, lakini niamini, kinachonirudia usiku ni ile kanga mpya.

Basi sikiliza. Kabla hujagusa kinanda, karatasi. Ukurasa mmoja unatosha. Kiasi gani, lini, jina lako litaandikwa vipi na wapi, muziki ukitumika nje ya filamu hiyo itakuwaje, na picha itafungwa tarehe ngapi. Kufungwa maana yake ni kwamba kuanzia siku hiyo hakuna anayekata hata fremu moja bila kukuarifu. Sheria ya hakimiliki ya nchi yetu ni Na. 7 ya mwaka 1999, na inailinda kazi yako tangu unapoiumba, hata kabla hujaenda kuiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Lakini sheria haitakuja kukaa nawe kwenye kibanda umiza. Andikeni. Hata kama ni rafiki yako, na hasa akiwa rafiki yako.

Baada ya hapo nilikaa karibu mwaka bila kufungua programu ya kutungia muziki kwenye kompyuta. Kilichonirudisha ni kusikiliza tena vile vilivyonilea.

Baba alifanya kazi reli, na safari za Tabora zilimletea kanda. Kwetu zilipigwa bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz, wale wa mtindo wa segere matata. Kwenye Kiko Kids kuna mandolini, ala ya nyuzi kama gitaa dogo. Hebu isikilize jinsi inavyotembea pembeni ya mwimbaji bila kumkanyaga. Nilijifunza kuandika chini ya mazungumzo ya waigizaji kutoka kwenye ile mandolini. Na nilijifunza kwenye michezo ya redio. Mlango unalia, kimya kidogo, kisha muziki mfupi, na wewe kitandani unajua kabisa kwamba usiku umepita na mambo yameharibika. Hakuna picha hata moja. Anayesema hajui aanzie wapi kujifunza, azime taa asikilize mchezo wa redio.

Halafu nikakutana na filamu ya Gombe. Mnajua Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960, na picha za filamu alizopigwa miaka ile na Hugo van Lawick zilikaa ghalani miongo mingi. Mwaka 2017 zikatoka kama filamu, zaidi ya saa 100 za picha zimechujwa, na aliyetunga muziki ni Mmarekani Philip Glass. Nilipoanza kuitazama niliona wivu, nakiri. Msitu ule uko ng'ambo ya vilima vyetu, boti inakufikisha siku hiyohiyo, na muziki wake unatoka New York! Nilikuwa tayari kukasirika. Nilitegemea ngoma za kuwekwawekwa, zile anazoziweka kila asiyetujua. Hakuweka. Alitazama msichana peke yake anapanda kilima na darubini, akaandika nyuzi zinazojirudiarudia kama hatua za mtu huyo. Aliandika alichokiona kwenye picha, hakuandika ramani. Hapo wivu ukaisha nikaanza kujifunza. Na mtu huyu aliendesha teksi na kufanya ufundi bomba mjini New York mpaka akavuka miaka 40. Wewe mwenye miaka 22 unayesema umechelewa, umesikia?

Kwa hiyo la pili, kabla hujagusa kinanda, tazama. Zima sauti, tazama filamu yote mwanzo mpaka mwisho. Kisha tena. Utaniambia mbona mtunzi Ennio Morricone aliandika muziki wa filamu ya mwongozaji Sergio Leone ya mwaka 1968 kabla haijapigwa, ukawa unapigwa waigizaji wakiwa kazini. Ni kweli. Ila wale wawili walisoma darasa moja utotoni Roma na walikuwa wameshafanya filamu pamoja. Wewe na mwongozaji mliyejuana WhatsApp hamjafika huko. Tazama kwanza.

Na hata mimi ninayehubiri hivi nilijisahau tena mwaka huu. Filamu iliyooneshwa Jumamosi ni fupi, dakika 26, ya mama anayesubiri mtumbwi wa mwanawe pale Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mwongozaji ni kijana, na ukweli ni kwamba anamsimulia mama yake mzazi. Karatasi tulisaini siku ya kwanza, hapo sikukosea. Lakini nilipopokea picha niliitazama mara moja tu, nikakimbilia vinubi na fidla za kwenye kompyuta. Siku tatu nikajaza dakika 22. Nikamtumia nikiwa najisikia mtu. Akajibu jioni: "Dada, ni nzuri sana. Ila simuoni tena mama. Muziki umemziba."

Sikulala vizuri. Kesho yake nikafunika kinanda kwa shuka nikaitazama kimya, mara tano. Mara ya tano nikaona kitu ambacho sikukiona mwanzo: mama yule anapotazama ziwa, mkono wake unapiga paja taratibu bila yeye kujua. Kitu gani anakihesabu?

Nikasubiri giza la mwezi, maana mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hawaingii, dagaa hufuata taa zao kwenye giza. Saa kumi na moja alfajiri nikawa Kibirizi na simu mkononi. Injini zinasikika kabla mitumbwi haijaonekana. Kisha zinazimwa, na ndipo unasikia. Mtumbwi mmoja ulikuwa unavuja, na mtoto wa miaka kama kumi na minne alikuwa amekaa kitako nyuma anafua maji kwa dumu la lita tano lililokatwa mdomo. Dumu linakwaruza mbao, linanyamaza likiwa juu, halafu maji yanamwagika ziwani. Kwaru, kimya, mwaa. Kwaru, kimya, mwaa. Nilimrekodi dakika sita. Nyumbani nikahesabu: mara 50 kwa dakika, wala hapungui wala haongezi. Nikarudi kwenye picha. Mkono wa yule mama ulikuwa unakwenda vilevile, ama karibu sana. Anamfulia mwanawe maji kutoka nchi kavu.

Kwa mwendo huo kila pigo ni fremu 30. Nikaandika filamu yote juu ya 30. Dumu lenyewe limo, limeshushwa chini kabisa mpaka watu hawajui wanasikia nini. Dufu langu la madrasa limo, nililipiga kwa ncha za vidole. Na ikembe imo, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ya mzee mmoja wa Burundi aliyehamia kwetu zamani, ambaye alikataa kuvaa hedifoni akasema zinamfanya asijisikie. Nikamwacha. Alipiga akitazama mlangoni, na mvua ikaingia kwenye rekodi, nikaiacha nayo. Muziki wote sasa ni dakika 11. Dakika 15 zilizobaki ziwa linasema lenyewe.

Sasa Dar. Kutoka hapa kwa treni ni zaidi ya kilomita 1,200, na kuna watu wazuri kule, sikukatazi kwenda kuwaona. Lakini kazi yenyewe ni faili. Kwa sauti ya stereo ya kilohezi 48 na biti 24, kama wahariri wengi wa video wanavyotaka, dakika moja ya muziki ni karibu megabaiti 17. Dakika zangu 11 zilikuwa megabaiti 190, nilizituma saa nane usiku kwa bando la usiku zikafika. Usihame kwa sababu ya nyaya. Uvinza mna mabwawa ya chumvi, mna watu wanaochemsha na kukwangua tangu enzi za mababu. Umewahi kwenda kusikiliza koleo linavyoingia kwenye chumvi? Nenda na simu yako. Nakuuliza hivyo kwa dhati kabisa, kwa sababu mwongozaji atakayekuja kupiga filamu Uvinza atahitaji mtu anayeijua sauti hiyo, na wewe usipokuwa naye ataletewa ngoma za kwenye kompyuta na mtu ambaye hajawahi kufika.

Ukifanya hivyo nitumie, nitasikiliza. Tazama kwanza, karatasi kwanza, kinanda baadaye. Najua nimerudia. Nitarudia tena ukinipigia.

Jumamosi ukumbi ulijaa, wengine walisimama nyuma. Mama alikaa mbele pamoja na shangazi. Kwenye mkataba nilikuwa nimeomba jambo moja la ziada, na mwongozaji alilikubali bila kuuliza: majina yasipande, yakae, kila moja sekunde nne. Fremu 100. Langu lilipotokea mama hakusema kitu, alinishika kifundo cha mkono tu na kukibana. Baada ya langu likaja la mzee wa ikembe. Yeye hajui kusoma. Aliwauliza waliokaa karibu lipi ni lake, mjukuu akamwonesha kwa kidole, lakini kidole kilichelewa, likawa limeshaondoka.

"Rudisheni," akasema kwa sauti ukumbi mzima ukasikia.

Mwongozaji akarudisha.