Milingoti ile imesimama juu ya nini?

SWALI: Bi mkubwa, shikamoo. Chapa yako ya ubao wa kuchonga nimeiona kwa rafiki yangu: bahari tupu, milingoti mitatu na dohani moja, basi. Meli yenyewe iko wapi? Tena mimi nasomesha skuli, nataka watoto wajaribu uchapaji huo. Nianzie wapi?
Mwalimu, Wete

JIBU: Marahaba, mwalimu. Meli ipo, iko chini. Hiyo ni Glasgow ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar. Kimbunga cha 1872 kilimvunjia merikebu zake, akaagiza hii Uskochi. Ikateremshwa majini 1878, sura yake imeigwa kutoka manowari ya Waingereza yenye jina hilohilo. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza wakaipiga kasri ili kumtoa Sayyid Khalid, aliyekalia kiti siku mbili tu. Glasgow, na vizinga vyake vidogo, ikazijibu manowari zao. Ikazamishwa papo hapo bandarini, ila maji ya pale mafupi, hayakuweza kuimeza yote. Milingoti na dohani vikabaki nje mpaka 1912. Miaka 16! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alibaleghe anaviona vimesimama vilevile.

Watu hupenda kuyachekea mapigano hayo, "vita ya dakika 38". Mimi siichongi hiyo. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa kasri walifika kama 500. Kinachonichekesha ni milingoti tu, ile meli iliyokataa kuzama ikaisha.

Mwanzo niliichonga meli na mji nyuma yake, kama unavyouona ukiwa baharini: kasri kushoto, Beit al-Ajaib kati, Ngome Kongwe kulia. Wiki tatu nimeinamia ubao wa mfenesi. Nikachapa karatasi kumi na mbili, nimefurahi, nikamwonesha kaka yangu mvuvi. Akaitazama, akaniuliza: "Hii Ngome imehamia Malindi lini?" Malindi ni mtaa wetu wa upande wa kushoto. Nilisahau kuwa chapa hugeuza kila kitu, kulia kukawa kushoto. Ndiyo maana uliyoiona haina mji. Milingoti hata ukiigeuza ni ileile. Ile ya makosa nimeitundika jikoni, wageni wa mjini wote wanaikosoa.

Basi wewe chora kwenye karatasi nyembamba, igeuze kifudifudi juu ya ubao, ndipo uifuatishe kwa kaboni. Unachokikata kitabaki cheupe. Unachokiacha ndicho kitakachoshika wino. Paka wino mzito kwa rola, kidogo kidogo, ukizidi unajaza mifereji. Weka karatasi, sugua kwa mgongo wa upawa. Mashine sina, na upawa wangu ule wa kifuu haujaniangusha.

Watoto usiwape patasi. Wape soli za kandambili kuukuu na kalamu zilizokwisha wino, wakandamize michoro yao humo. Na wenye kutaka kuandika majina, waandike kinyume. Mmoja atasahau, mwache achape kwanza.